Mkia wa flashi: kwanini picha ya mtu anayeruka inatoka na ukungu wakati shata iko sawa

Haya ni maneno niliyoongea Jumamosi mbele ya wapiga picha wenzangu hapa Dar, wengine walifika tumeshafunga wakaniomba niyaandike, kwahiyo nimeyaweka kama yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo zangu habari za asubuhi. Asanteni kwa kuwahi, najua Jumamosi ndo siku ya sendofu na harusi na nusu ya watu humu ndani mna kazi jioni, kwahiyo naingia kwenye picha moja kwa moja.

Muangalie hii hapa ukutani. Kijana wa ngoma, yuko hewani, uso umetoka safi mpaka kope unazihesabu. Sasa shukeni na macho taratibu mpaka kwenye kifundo cha mguu wa kulia, pale kwenye njuga. Njuga zipo, umbo lake unaliona, lakini kila moja ina ukungu mweupe chini yake, kama kimondo. Na hapa begani, haya matone ya jasho, kila tone lina mkia wake. Na kuna kitu kimoja nataka mkione kabla sijaendelea: mguu huu ulikuwa unashuka, na mkia uko chini ya njuga, yaani uko mbele, kule mguu unakokwenda. Sio nyuma. Mkiweka hilo kichwani mtaelewa kila kitu nitakachosema leo.

Hii picha nilimpigia mama mmoja mwenye kikundi cha ngoma, alitaka bango kubwa la mlangoni, kijana aonekane ukubwa wake halisi. Kwenye kioo cha nyuma cha kamera ilikuwa nzuri, kwenye kompyuta nilipoitazama nzima ilikuwa nzuri, bango lilipochapishwa yule mama akasimama mbele yake akaweka kidole kwenye njuga akaniuliza, mwanangu hapa pamefanyaje? Sikuwa na jibu. Nilirudia kazi yote kwa gharama zangu, nauli ya vijana kumi na mmoja kuja na kurudi. Lakini kabla ya kurudia ilibidi kwanza nijue kosa liko wapi, maana mipangilio yangu niliiona haina shida, shata, yaani mlango wa kamera, 1/200 ya sekunde, apecha, yaani tundu la lensi, f/8, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 100, taa mbili za studio ziko robo pawa, yaani robo ya nguvu zake.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kile ambacho kila mtu humu angefanya, nikapandisha shata. Nikaenda 1/250, ukatokea mstari mweusi chini ya picha. 1/320, mstari ukanenepa. Na njuga? Ukungu uleule. Mnajua huo mstari unatoka wapi, shata ya kamera zetu ina mapazia mawili, la kwanza linafungua na la pili linafunga, na ukipita ile spidi ya sinki, ambayo kwa kamera nyingi iko kati ya 1/160 na 1/250, pazia la pili linaanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, yaani hakuna wakati ambapo sensa yote, kile kipande kinachopokea picha, iko wazi kwa pamoja, flashi ikiwaka inakuta sehemu imeshafunikwa. Hiyo wengi mnaijua. Ambacho nilikuwa sijakitilia maanani, na naomba nikiseme taratibu, ni kwamba ndani ya studio yenye giza shata haigandishi chochote. Shata inafungua mlango tu. Mlango uwe wazi 1/200 au 1/60, kama ndani ni giza hakuna kinachoingia mpaka taa iwake. Kinachoamua mtu ameganda au hajaganda ni muda ambao taa yenyewe imewaka. Taa ndo shata yako.

Kwahiyo kila picha ya flashi ni ekspoja mbili, yaani mwanga umeingia kwenye kamera mara mbili, zimelaliana. Kuna ya mwanga wa chumba, hiyo inasikiliza shata, apecha na ISO. Alafu kuna ya flashi, hiyo inasikiliza apecha, ISO, pawa na umbali wa taa mpaka kwa mtu, na shata haiijali kabisa maadamu hujavuka sinki. Umbali nao sio wa kuchezea, ukisogeza taa kutoka mita 2 kwenda mita 4 hupati nusu ya mwanga, unapata robo, stopu mbili zimeondoka, maana kila stopu ni mwanga kupungua nusu au kuongezeka mara mbili. Ukitaka kujua mwanga wa chumba unakuingilia au haukuingilii, zima trigga, ile inayoiwasha flashi, piga picha moja kwa mipangilio ileile. Itoke nyeusi ti. Kama unaona hata kivuli cha mtu, basi taa za dari au ile taa ya kuongozea ndani ya flashi yenyewe inakuchorea ukungu, na hapo zima taa za dari kwanza kabla hujalaumu kitu kingine. Mimi nilifanya hivo, ikatoka nyeusi ti. Ikabaki flashi.

Sasa boksi la zile taa limeandikwa 1/2000, yaani mmweko wake unadumu sehemu ya elfu mbili ya sekunde. Nilinunua kwasababu ya hiyo namba. 1/2000 inatosha kabisa kugandisha mcheza ngoma, ndivyo nilivyojiambia. Namba haikuwa ya uongo, ila ilikuwa imekaa kimya kuhusu mambo mawili, na hayo mambo mawili ndo mkutano wetu wa leo.

Chukueni pipa la maji lenye tundu chini. Pipa likijaa ukichomoa kizibo maji yanatoka kwa nguvu, yanaruka mbali, alafu kadri yanavyopungua nguvu inapungua, mwisho yanachuruzika, na huko kuchuruzika kunachukua muda mrefu kuliko mnavyodhani. Flashi iko hivohivo. Ndani yake kuna kapasita, hilo ndo pipa, limejazwa umeme. Ukibonyeza, umeme unapita kwenye tyubu yenye gesi ya zenoni, mwanga unapanda ghafla mpaka kileleni, alafu unafifia taratibu. Haukatiki kama taa ya ukutani ukizima swichi. Una mkia.

Sasa mtu wa kiwandani anapimaje muda wa kitu chenye mkia, anasema umeisha wapi? Kuna vipimo viwili. Kimoja kinaitwa t.5, kinahesabu muda ambao mwanga uko juu ya nusu ya kilele. Kingine t.1, kinahesabu muda ambao mwanga uko juu ya sehemu ya kumi ya kilele. Kwa flashi ya kawaida ya pipa linalojimwaga lenyewe, t.1 ni ndefu kama mara tatu ya t.5. Na hapa naomba msinichoke kidogo kwa sababu ni muhimu: mwanga ukififia kwa mtindo huo, t.5 inapoisha mwanga uliokwishatoka ni kama nusu tu ya mwanga wote. Nusu nyingine bado inakuja! Yaani namba ya t.5 inakueleza habari za nusu ya kwanza ya picha yako, na nusu ya pili, ile inayochora ukungu mbele ya njuga, haipo kwenye boksi. t.1 inapoisha ndo asilimia 90 imeshatoka. Kwahiyo 1/2000 yangu ilikuwa t.5, ukiigeuza kwenda t.1 unapata kama 1/600. Tangu siku hiyo mimi nikisoma boksi naulizia kwanza ni t gani, na kama halijasema nachukulia ni t.5, nagawanya kwa tatu nikiwa hapohapo dukani.

Na sasa mnaelewa kwanini mkia uko mbele. Kilele cha mwanga kinakuja mwanzoni, kinachora njuga vizuri pale ilipo, alafu mkia wa mwanga unaendelea kuichora wakati inaendelea kushuka.

Jambo la pili lililonyamaziwa ndo lililonimaliza kabisa. Ile namba ilikuwa ya pawa kamili. Mimi nilikuwa robo. Na nilikuwa nimeshusha pawa nikiamini kwamba flashi ndogo ni flashi fupi, maana ndivyo inavyokuwa kwenye spidilaiti, zile flashi ndogo za kupachika juu ya kamera, kwahiyo nikadhani taa zote ziko hivyo.

Turudi kwenye pipa. Kuna njia mbili za kupata maji kidogo. Ya kwanza, jaza pipa robo tu, uache lijimwage. Maji yanaanza kwa unyonge, hayana nguvu ya kusukuma, yanachuruzika tangu mwanzo. Taa nyingi za studio za bei ya kawaida na za zamani zinafanya hivo, zinapunguza volteji ya kapasita, na volteji ikiwa ndogo tyubu nayo inapitisha umeme kwa uvivu zaidi, matokeo yake ukishusha pawa muda wa mmweko unarefuka. Njia ya pili, jaza pipa mpaka juu, chomoa kizibo, alafu kabla halijaisha kirudishe kwa nguvu. Umepata maji kidogo lakini yote ni yale ya mwanzo yenye nguvu, mkia umeukata. Spidilaiti zinafanya hivo, na taa nyingi mpya za studio zinazotumia swichi ya elektroniki inayoitwa IGBT. Hizo ukishusha pawa muda unafupika, spidilaiti nyingi zikiwa pawa kamili ziko kwenye 1/250 ya sekunde hivi, hata mchezo wa rede hazigandishi vizuri, lakini ukizishusha mpaka 1/128 ya pawa zinafika 1/20000 ya sekunde na kuzidi.

Kwahiyo kitufe cha pawa kina kazi mbili kwa pamoja, kinabadilisha ekspoja na kinabadilisha muda, na kwenye taa hii kinaurefusha, kwenye ile kinaufupisha. Mtu ambaye hajui taa yake ni ya pipa gani anakuwa anazungusha kitu asichokijua. Mimi nilikuwa huyo mtu kwa miaka, na kazi zilienda, kwasababu mtu aliyekaa kwenye kiti anapigwa pasipoti hata 1/200 inamtosha. Ni siku ya kuruka ndo inadai.

Tupige hesabu ya njuga, msiogope ni ya darasa la saba. Mguu unaorushwa na mcheza ngoma unafika mita 5 kwa sekunde bila shida. Mita 5 ni milimita 5000. Mmweko ukiwa 1/300, mguu umesogea milimita 16 na zaidi wakati taa bado inawaka, hiyo ni upana wa kidole, na ndo upana wa ukungu yule mama alioweka kidole juu yake. Mmweko ukiwa 1/2000 ya kweli, yaani t.1, ni milimita 2.5. Ukiwa 1/10000 ni nusu milimita. Na kamera ya pikseli 6000 ikiangalia eneo la mita 2 kwa ule upande mrefu, kila milimita ina pikseli 3, kwahiyo nusu milimita ni pikseli moja na nusu, hapo hata bango la ghorofa mbili halioni kitu.

Kuna swali dada aliuliza nje kabla hatujaanza, kwanini uso ni safi na njuga sio safi, mwanga si uleule? Ni uleule dada. Ila kwanza uso ulikuwa umesimama. Mtu anayeruka wima, pale juu kabisa spidi yake ni sifuri, ndo maana wale ndugu zetu Wamaasai kwenye adumu, ile ngoma yao ya kuruka, ukiwapiga wakiwa kileleni wanatoka safi hata kwa flashi mbovu, kwa karibu nusu ya sehemu ya kumi ya sekunde pale juu mwili hauendi hata robo mita kwa sekunde. Lakini shanga za shingoni hazijui kwamba mwili umesimama, zenyewe zinaendelea kupanda. Ukiwa na flashi ndefu utapata mtu safi na shanga zenye ukungu. Pili, na hili naliona halisemwi vya kutosha kwetu sisi tunaopiga ngozi nyeusi: jasho, mafuta, shanga nyeupe na njuga za chuma vinang'aa sana kuliko ngozi inayovizunguka. Sehemu ya kumi ya mwanga ikiangukia ngozi nyeusi kwenye mandhari meusi huioni. Ikirudishwa na tone la jasho unaiona, inachora mstari mweupe juu ya ngozi ile nzuri. Mkia wa flashi unaonekana zaidi kwenye picha zetu, sio kwamba taa zetu ni mbaya zaidi. Kwahiyo mtu wa Ulaya akikwambia t.5 ya 1/1000 inatosha kwa dansi, muulize amempiga nani, amevaa nini, kwenye mandhari gani.

Haya, kurudia kazi nilifanyaje. Kununua taa mpya sikuweza mwezi ule. Niliazima spidilaiti mpaka zikawa nne, nikazifunga kwenye stendi moja ndani ya mwavuli mmoja mkubwa, zote 1/16 ya pawa. Nne za 1/16 ni sawa na moja ya robo pawa kwa mwanga, lakini kwa muda zote ni fupi kama 1/16. Hicho ndo kitu kizuri cha kuunganisha, mwanga unajumlishwa, muda haujumlishwi, maadamu zinawaka kwa pamoja. Mwavuli ukasogea mpaka mita 2, ISO nikapandisha 400, f/8 nikaiacha. ISO 400 watu wanaiogopa sana studio sijui kwanini, kamera za leo haina neno kabisa, na stopu mbili unazopata kwenye ISO unaweza kuzitoa kwenye pawa na kuzigeuza kuwa ufupi wa mmweko. Njuga zikaganda. Zimeganda mpaka unaona mkwaruzo kwenye chuma.

Kama una taa za ile aina ya kwanza, za pipa robo, unafanya kinyume, unapandisha pawa mpaka mwisho, mwanga ukizidi unaurudisha kwa kufunga apecha, kushusha ISO, kusogeza taa mbali au kuweka filta ya kijivu kwenye lensi. Inauma roho kupiga pawa kamili wakati mwanga unatosha, na taa inachelewa kujaza kati ya picha na picha, lakini ndo inakuwa fupi hapo.

Rangi pia itawasumbua, niiseme haraka. Mkia wa mwanga ni mwekundu kidogo kuliko kilele. Taa inayokata mkia ukishusha pawa inaenda bluu, taa inayopunguza volteji inaenda njano. Ukichanganya hizo aina mbili kwenye picha moja utapata shavu moja la rangi hii na jingine la rangi ile, mimi sichanganyi. Na ile hai spidi sinki mnayoniuliza kila siku, yaani kupiga flashi juu ya spidi ya sinki, ile flashi haitoi mmweko mmoja, inapiga mapigo mengi ya harakaharaka muda wote mapazia yanapopita ili iwe kama taa inayowaka moja kwa moja. Pale sasa shata ndo inagandisha kweli, 1/4000, 1/8000, ila pawa inaliwa vibaya mno, nje juani inafaa, ndani ya giza siioni faida yake.

Haya mambo sio mapya hata kidogo. Mwaka 1851 pale London, Fox Talbot, Mwingereza mmoja wa waanzilishi wa upigaji picha, alibandika kipande cha gazeti la The Times kwenye gurudumu linalozunguka kasi, chumba kikiwa giza, lensi ikiwa wazi, akalipua cheche ya umeme kutoka kwenye chupa za Leyden, ambazo ndo babu wa kapasita zetu, na maandishi yakasomeka. Kamera yake haikuwa na shata ya maana yoyote. Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT kule Marekani naye, kuanzia miaka ya 1930, ile picha ya tone la maziwa lenye taji ya 1957 na ile ya risasi ikipasua tofaa ya 1964, ni njia ileile, giza, lensi wazi, alafu mmweko. Risasi inakwenda zaidi ya mita 800 kwa sekunde, ukiipiga na flashi ya 1/1000 ingechora mstari wa sentimita 80, kwahiyo alitengeneza mmweko wa chini ya sehemu ya milioni moja ya sekunde. Alipata ufupi ule kwa pipa dogo lenye volteji kubwa sana, mwanga wenyewe ukawa kidogo, na kitu kikabidi kiwe karibu na taa. Biashara ileile ninayowaambia mimi, unatoa mwanga unanunua muda.

Na kwasababu nimetaja volteji, tafadhali sana wadogo zangu, mtu asifungue flashi kwa bisibisi eti anatafuta kapasita. Inabaki na chaji hata ukiwa umeitoa kwenye umeme, na inaua.

Sasa mtapimaje taa zenu bila mashine? Feni. Hii feni ya mezani hapa, nimebandika kipande chembamba cha karatasi nyeupe kwenye panga moja, mapanga mengine nimeyapaka masizi yasing'ae. Kwanza unairekodi video kwa simu ile ya taratibu ya fremu 240 kwa sekunde, unahesabu fremu ngapi mpaka karatasi irudi palepale. Hii nimehesabu nyumbani, fremu 12, yaani inazunguka mara 20 kwa sekunde, digrii 7200 kwa sekunde. Alafu unazima taa za chumba, unaipiga picha kwa flashi, unapima karatasi imejivuta digrii ngapi kwa kipimapembe cha mtoto wa shule, unaondoa upana wa karatasi yenyewe. Taa zangu kwenye robo pawa zilijivuta digrii 24. 24 gawanya kwa 7200, ni 1/300. Hiyo ndo njuga ya yule mama. Unarudia kwa kila pawa, unaandika kwenye plasta, unaibandika plasta nyuma ya taa, na siku ya kazi unasoma pale.

Naona wengi mmekuja na flashi zenu, kama nilivyoomba. Kaka hapo mlangoni, vuta pazia vizuri, ule mwanga wa dirishani uishe. Mzee wangu, na hiyo yako ya zamani naitaka sana, ndo tuanze nayo, iweke pawa kamili kwanza alafu tushuke. Nani ana kipimapembe? Haya, washa feni.